Aliyefuata Mapacha

Kwetu Usukumani wa kwanza kutoka ni Kulwa,
wa pili ni Doto,
na atakayelala tumbo lile baada yao,
akalikuta bado lina joto la wawili,
huyo ni Shija. Ndiye mimi.
Hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kuwa wa tatu
katika hadithi ya watu wawili.

Nafanya usafi kwenye jumba la makumbusho, Leeds,
tangu saa kumi na moja alfajiri, kabla taa kubwa hazijawashwa.
Ukutani yuko mbwa-mwitu wa vijiwe,
kaachama kama anayecheka,
na chini yake watoto wawili wa Kirumi, uchi, wanene,
wasiojua bado kwamba mmoja atamuua mwenzake.
Napangusa kioo chao. Nawaonya kwa Kisukuma.
Hawasikii. Ukaidi wao una karne nyingi.

Kibao kinasimulia kwa mkato, kama polisi:
Romulo alichora mpaka wa mji kwa plau.
Remo akauruka, akicheka.
Basi.

Wahenga walisema ndugu wakigombana
chukua jembe ukalime.
Hawakusema ufanye nini
jembe lenyewe likiwa ndilo ugomvi.

Kule Harehills, ghorofa ya tatu,
mpaka wetu ni utepe wa gundi ndani ya friji.
Kushoto Kulwa, kulia Doto;
mayai yangu nimeyaweka mlangoni, kama balozi.
Novemba, Doto aliuruka utepe
kwa ajili ya maziwa, ya kikombe kimoja tu cha chai.
Kulwa hakuua mtu. Alinyamaza
siku arobaini, hesabu ya msiba,
nami nikawa posta:
mwambie nduguyo bili ya gesi imekuja,
mwambie nduguyo nimesikia.

Kitanda wanacho kimoja.
Kulwa hupakia mikate usiku ghalani,
Doto huogesha wazee mchana.
Huyu akiingia yule anatoka,
wanapishana ngazini bila salamu,
na shuka haijapata kupoa.

Chumba cha pili kuna sarafu ndogo ya fedha
yenye Wagiriki wawili juu ya farasi:
Kastori wa kufa, Poluksi wa kutokufa.
Kastori alipouawa, nduguye akaugawa uzima wake nusu kwa nusu,
leo mimi kuzimuni na wewe mbinguni,
kesho tubadilishane.
Niliposoma hayo nilikaa juu ya ndoo.
Zamu! Kumbe hata wana wa miungu
waliingia zamu.

Januari barafu ilimwangusha Kulwa kwenye lango la ghala,
mguu ukavunjika. Mkataba wake ni wa saa:
usipofika hulipwi,
usipofika mara tatu, usirudi.
Usiku ule Doto alitoka kwa wazee, hakuvua viatu.
Alichukua kitambulisho cha nduguye pale msumarini
akajivika shingoni.
Msimamizi alitazama picha, akatazama uso,
akasema, Umechelewa, Kulwa.
Doto akaitika.

Wiki sita aliitikia jina lile usiku, lake mchana,
akisinzia ndani ya basi hali amesimama,
na pesa ikaingia akaunti ile ile.
Hakuna aliyesema asante, hakuna aliyesema pole.
Ila asubuhi moja nilifungua friji
nikakuta utepe umebanduliwa.
Haukutupwa. Umekunjwa vizuri,
umebandikwa kwenye kifuniko cha maziwa.

Leo nimerudi kwa mbwa-mwitu.
Nimekisoma kibao tena, hadi maandishi madogo ya chini:
baada ya wale wawili, mama yao alizaa?
Haikuandikwa.
Lakini lazima alikuwepo mtu
aliyebeba maneno kati yao ukuta ulipokuwa bado mtaro,
na mmoja alipoanguka,
akaenda kutafuta maji na kitambaa.

Nimekamua dekio.
Saa nne watoto wa shule wataingia.